Kumbi za Dansi za Dar es Salaam na Malezi ya Taifa

Wengi wetu tumezoea kuitafuta historia ya taifa letu mahali pawili: katika uwanja wa vita na katika chumba cha mkutano. Tunawafundisha wanafunzi wetu habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mafunzo hayo ni ya lazima, wala hatusemi kwamba yapunguzwe. Lakini watu hawawezi kukutana ili kudai haki zao kama hawajajifunza kwanza kukutana. Katika mji wa Dar es Salaam somo hilo la kukutana lilitolewa kwa miaka mingi mahali ambapo vitabu vya historia havipatazami sana, nako ni penye ngoma na penye dansi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kumbi za dansi za Dar es Salaam, hasa zile za katikati ya mji, katika eneo la Mnazi Mmoja, Kariakoo na Ilala, pamoja na zile zilizofuata baadaye mji ulipopanuka. Hoja yetu ni moja. Tunasema kwamba ukumbi wa dansi ulikuwa shule, na kwamba ndani yake watu waliotoka katika makabila mengi walijifunza kuwa wenyeji wa mji mmoja, na hatimaye wananchi wa taifa moja. Na kwa kuwa ukumbi ulikuwa shule, kila mwenye mamlaka alitaka kuushika ufunguo wake. Kwa hiyo swali litakalotuongoza tangu mwanzo hadi mwisho ni hili: ukumbi ni wa nani?

Mji Uliogawanywa

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya mji huo kuwa makao makuu ya utawala wao, na mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakauteka. Tawala zote mbili za kikoloni ziliupanga mji kwa kufuata rangi za watu. Uzunguni kulikuwa upande wa bahari, penye upepo na miti. Uhindini kulikuwa katikati, penye maduka. Waafrika walipangiwa kukaa ng'ambo ya uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, katika mitaa ya Kariakoo, na baadaye Ilala na Magomeni. Hata jina la Kariakoo lina kumbukumbu ya utumwa huo wa kisasa, kwa kuwa limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi, ambao waliwekwa mahali hapo wakati wa vita. Mtaa mkubwa kuliko yote ya Waafrika ulipewa jina la watu waliobebeshwa mizigo.

Starehe nazo ziligawanywa kama mitaa ilivyogawanywa. Wazungu walikuwa na vilabu vyao karibu na bahari, na Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa nyuma akiwa amevaa kanzu nyeupe ya mtumishi. Wagoa na jumuiya mbalimbali za Wahindi walikuwa na nyumba zao za kukutania. Mwafrika alibakiwa na uwanja na barabara. Walakini, hata uwanja huo hakuutumia kwa hiari yake, maana sheria za mji zilimtaka mtu aombe kibali kabla ya kupiga ngoma. Ngoma iliyokuwa ya harusi, ya jando au ya kufurahia mavuno ikawa jambo la karatasi na ada. Hivyo tangu mwanzo furaha ya Mwafrika mjini ilihesabiwa kuwa kitu cha kuchungwa.

Kutoka Beni Hadi Dansi

Hatuwezi kuieleza dansi bila kuitaja beni iliyoitangulia. Beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliichukua na kuieneza bara zima, hata ikafika katika vijiji vya mbali. Katika miji ya Tanganyika wachezaji walijigawa katika pande mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na wakubwa wake wenye vyeo vya kijeshi na vya kifalme, na sare zake, na nyimbo zake za kujisifu na za kumtweza mpinzani.

Wazungu waliotazama beni waliona kichekesho, kwamba Mwafrika anamwiga bwana wake. Lakini anayechunguza zaidi huona jambo jingine. Chama cha beni kilikuwa na viongozi, kilikuwa na michango, kiliwapokea wageni waliofika mjini bila ndugu, na kiliwazika wanachama wake. Mnyamwezi, Mmanyema, Mzaramo na Mngoni waliweza kuwa upande mmoja, wakaimba kwa Kiswahili dhidi ya upande mwingine uliokuwa na mchanganyiko kama huo huo. Jambo lililoonekana kuwa ni mchezo wa kuiga lilikuwa pia zoezi la uongozi.

Ilipofika miaka ya 1930, vijana waliosoma shule, yaani makarani, walimu, wauguzi na mafundi, walianza kuiona beni kuwa ni mambo ya wazee. Wao walitaka dansi: ukumbi wenye sakafu, kiingilio mlangoni, suti na gauni, mwanamume na mwanamke wakicheza wawili wawili. Vilabu vya dansi vikaanzishwa katika Tanga, Dar es Salaam na miji mingine, na katika miaka hiyo hiyo ya 1930 ikazaliwa Dar es Salaam Jazz Band, mojawapo ya bendi za kwanza kabisa katika nchi yetu. Msomaji asidanganywe na neno 'jazz' lililomo katika majina ya bendi nyingi za zamani. Neno hilo lilikuwa alama ya usasa tu; muziki wenyewe haukuwa ule wa Wamarekani Weusi unaoitwa kwa jina hilo.

Muziki uliozigusa zaidi nyoyo za vijana hao ulitoka Kuba. Santuri za rumba, zilizojulikana kwa herufi za GV, ziliuzwa katika Afrika Mashariki na kupigwa kwa gramafoni katika nyumba na migahawa. Sababu ya kupendwa kwake si ngumu kuifahamu. Mapigo ya rumba yalizaliwa na Waafrika waliovushwa bahari wakiwa watumwa, na yaliporudi katika pwani zetu yalipokewa kama mgeni anayerudi kwao.

Je, dansi ilikuwa kuiga Uzungu? Hatuwezi kukana kwamba suti na hatua zenyewe zilikuwa za kuazima, na kwamba wako waliojiona bora kuliko wenzao kwa sababu ya kuzijua. Lakini mambo mawili yaliigeuza dansi ikawa mali yetu. Kwanza, nyimbo zake ziliimbwa kwa Kiswahili. Pili, klabu ya dansi haikumwuliza mtu kabila lake. Katika ngoma ya ukoo au ya kabila, mgeni hukaa pembeni akatazama. Katika dansi, mgeni alilipa kiingilio akacheza. Klabu za taarabu za mjini, kama vile Egyptian na Al-Watan, nazo zilikuwa na desturi ya uanachama, uongozi na michango. Kwa njia hii mji wa Waafrika ulijaa vyama vidogo vidogo vyenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, miaka mingi kabla ya watu kuruhusiwa kupiga kura ya aina yoyote.

Ukumbi na Siasa

Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulikua upesi mno. Mwaka 1948 Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu wapatao 69,000. Mwaka 1957 walikuwa wapatao 129,000. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandarini waligoma, na mgomo huo ukaenea nje ya bandari na nje ya mji. Serikali ya kikoloni ilitambua kwamba kuna watu wengi mjini ambao haiwajui wala haiwezi kuwatuliza kwa amri peke yake. Mojawapo ya dawa zilizobuniwa ilikuwa kujenga nyumba za ustawi wa jamii, ambamo Mwafrika angeweza kutumia wakati wake wa mapumziko kwa utulivu huku macho ya serikali yakimtazama.

Nyumba mashuhuri kuliko zote ilikuwa Ukumbi wa Arnautoglu, uliojengwa kwa msaada wa George Arnautoglu, tajiri wa mashamba ya mkonge mwenye asili ya Kigiriki. Ukumbi huo ulisimamishwa kando ya Mnazi Mmoja, yaani kwenye mpaka hasa uliotenga mji wa Waafrika na mji wa wengine. Watu walikutana hapo kwa mafunzo, kwa michezo na kwa dansi.

Lakini watu wakishapewa mahali pa kukutana, si rahisi kuwachagulia neno la kuzungumza. Tarehe 17 Aprili 1953, katika Ukumbi wa Arnautoglu, chama cha TAA kilifanya uchaguzi wake, na Julius Nyerere, mwalimu kijana aliyekuwa akifundisha Pugu, akachaguliwa kuwa rais wa chama. Miezi kumi na mitano hivi baadaye TAA ikageuka kuwa TANU. Nyumba iliyojengwa ili watu watulie ndiyo iliyotumika kumchagua mtu aliyekuja kuuondoa ukoloni.

Mchango wa wapenda ngoma haukuishia hapo. Mwaka 1955 TANU ilipounda sehemu yake ya wanawake, uongozi ulikabidhiwa Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Bibi Titi hakuanza kwa kuwaendea wasomi, bali aliviendea vikundi vya ngoma vya wanawake wa mjini. Vikundi hivyo vilikuwa tayari na viongozi waliosikilizwa, na mtandao wa habari uliofika kila mtaa. Wanawake ambao wakoloni, na hata baadhi ya wanaume wa TANU wenyewe, hawakuwadhania kuwa na siasa yoyote, waliingia katika chama kwa wingi wa ajabu. Leo barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake. Ni haki iwe hivyo, na ni haki pia wanafunzi waambiwe kwamba shule yake ya kwanza ya uongozi ilikuwa ngoma.

Wakati huo huo bendi nazo ziliongezeka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuwapo Kilwa Jazz na Western Jazz, hii ya pili ikiwa imeanzishwa mwaka 1959. Majina hayo yanaonyesha mahali walikotoka waanzilishi: Kilwa ya kusini na Jimbo la Magharibi. Lakini waliokuja kucheza walikuwa watu wa kila upande, na wimbo uliopendwa ulipendwa na wote. Redio, iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, iliuchukua muziki huo hadi katika miji na vijiji ambavyo havijapata kuiona bendi.

Dansi Chini ya Serikali ya Wananchi

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba yake alisikitika kwamba wengi wetu tulifurahi kujua rumba na chachacha na twisti, ilhali ngoma za babu zetu hatukuzijua au tulizionea haya. Maneno hayo yalikuwa changamoto kubwa kwa wanamuziki wa dansi. Je, katika taifa huru dansi ingekuwa na nafasi, au ingetupwa pamoja na mabaki mengine ya ukoloni?

Jibu lilipatikana polepole, na lilipatikana jukwaani. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz. Hadi wakati huo mwanamuziki alitegemea kiingilio cha mlangoni na ukarimu wa mwenye vyombo. Mvua ikinyesha Jumamosi, familia yake ililala na njaa. Katika NUTA Jazz alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Mfano huo ulifuatwa na wengi. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kiliunda bendi yake mwaka 1970. Kwa mara ya kwanza katika nchi yetu upigaji wa gitaa ulihesabiwa kuwa kazi kama kazi nyingine.

Jambo la pili lililotokea lilihusu muziki wenyewe. Kila bendi ilijitafutia mtindo wake na kuupa jina, na majina mengi yalichukuliwa kutoka katika hazina ya ngoma. Mtindo wa NUTA Jazz ukaitwa Msondo, jina la ngoma ndefu inayojulikana na watu wa pwani. Baadaye Mlimani Park wakauita wao Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Ngoma iliyokuwa imeachwa nje ya mlango wa ukumbi ikawa sasa imeingia ndani na kukaa mbele.

Yafaa tueleze kidogo muundo wa nyimbo hizo, kwa ajili ya wanafunzi ambao hawajapata kuusikiliza muziki huo kwa makini. Wimbo wa dansi wa Tanzania huwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza bendi hupiga kwa upole, na mwimbaji husimulia kisa: mke aliyeachwa, ndugu mlevi, mwajiriwa aliyeponzwa na fitina, kijana aliyesahau wazazi kijijini. Watu hucheza taratibu huku wakisikiliza. Kisha huja sehemu ya pili iitwayo chemko. Hapo magitaa hujibizana, tarumbeta na saksafoni huitikia kwa pamoja, tumba huchangamka, na kila mtu hucheza awezavyo. Kwa hiyo wimbo mmoja humpa mtu mawaidha na burudani kwa kiingilio kimoja. Mafumbo ya nyimbo hizo yalibishaniwa kazini siku ya Jumatatu, na watu walikopa humo misemo wakaitumia katika maisha. Waalimu wa Kiswahili wanaotafuta mifano ya ushairi wa mjini hawana haja ya kwenda mbali.

Walakini, historia ya kweli haifichi upande wa pili. Serikali iliyomlipa mwanamuziki ilitaka pia kumwongoza. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya nguo fupi, suruali za kubana na mawigi, na walioteseka zaidi barabarani walikuwa wasichana. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam. Nyimbo zilizopelekwa Radio Tanzania zilikaguliwa maneno yake kabla ya kurekodiwa. Pia ni lazima tukiri kwamba nyimbo nyingi, zilizotungwa karibu zote na wanaume, zilimlaumu mwanamke wa mjini kwa tamaa ya fedha na hazikuuliza aliyempa fedha hizo alikuwa nani. Shule hii, kama shule nyingine, ilikuwa na makosa katika vitabu vyake.

DDC na Miaka ya Shida

Mwaka 1978 ilianzishwa bendi ya Mlimani Park chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ikichukua jina la baa iliyokuwa karibu na Chuo Kikuu. Miongoni mwa waanzilishi walikuwa wanamuziki waliotoka NUTA Jazz, ambayo wakati huo iliitwa Juwata, akiwamo mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo. Kampuni hiyo iliposhindwa kuendelea, bendi ilichukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, ambalo lilikuwa mali ya jiji. DDC lilikuwa na kumbi zake, zikiwamo za Kariakoo na Magomeni Kondoa. Hivyo jiji lenyewe lilimiliki sakafu ya kuchezea na bendi ya kuchezesha.

Hiyo ilikuwa miaka migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa tangu mwaka huo hadi mwaka 1983. Kwa kuwa santuri za bendi zetu zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, mlango huo nao ulifungwa. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi. Fedha za kigeni zilikosekana, na pamoja nazo zilikosekana nyuzi za magitaa, spika na vipuri. Madukani sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya uhaba kumbi zilijaa, na wapenzi wengi wa muziki huihesabu kuwa miaka bora ya dansi. Twafikiri sababu zake ni tatu. Kwanza, mtu aliyekuwa na shilingi chache hakuwa na kitu kingi cha kununua, bali dansi ilikuwapo. Pili, wanamuziki waliokuwa na mshahara waliweza kufanya mazoezi siku nyingi za juma, na mazoezi ndiyo yanayoleta ufundi. Tatu, ushindani ulikuwa mkali. Wapenzi wa Msondo na wapenzi wa Sikinde waligawanyika kama wapenzi wa Yanga na Simba, na bendi iliyolala mwezi mmoja bila wimbo mpya iliona viti vitupu.

Pembeni mwa bendi za umma zilikuwapo nyingine zilizojitegemea. Orchestra Maquis, waliotoka Zaire wakapitia Uganda, walikaa Dar es Salaam wakaimba kwa Kiswahili na kupendwa kama wenyeji. Wanamuziki wake waliunda kampuni yao wenyewe, iliyoitwa OMACO, ili wamiliki vyombo na mapato. Hapa tunaona jibu jingine kwa swali letu: ukumbi unaweza kuwa wa wale wanaotoa jasho jukwaani. Kadhalika, mwaka 1985 mfanyabiashara mmoja alipounda upya bendi ya Orchestra Safari Sound, aliwavuta kwa mapato bora Gurumo na wenzake kadhaa kutoka Mlimani Park. Wako waliowaita wasaliti. Sisi hatuoni usaliti katika mfanyakazi kutafuta ujira unaolingana na kazi yake. Twaona kwamba vyombo vilikuwa vya shirika, lakini sauti ilibaki mali ya mwimbaji.

Ufunguo Unabadili Mikono

Kuanzia mwaka 1986 nchi ilianza kulegeza masharti ya biashara. Mashirika ya umma yalipunguzwa, yakauzwa au yakafa, na bendi zilizokuwa zikiyategemea zikabaki yatima. Vyombo vya kupigia kanda na santuri vikawa rahisi kupatikana, na mwenye baa akaona kwamba kijana mmoja mwenye mashine humgharimu kidogo kuliko wanamuziki kumi na watano wenye njaa. Mwaka 1994 redio na televisheni za watu binafsi zilianza kutangaza. Vijana wa mjini wakaunda muziki wao, ulioitwa Bongo Fleva, unaotengenezwa studio na kusikilizwa redioni zaidi kuliko kuchezwa ukumbini.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu vijana. Wao nao wanaimba kwa Kiswahili, na wanafanya kama walivyofanya vijana wa miaka ya 1930 walipoiacha beni. Wala hatusemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa chema. Lakini yapo mambo mawili yanayopotea ambayo yatupasa kuyapigia hesabu.

La kwanza ni mahali penyewe. Ukumbini watu hukutana ana kwa ana, na mwimbaji huwaona wale anaowaambia. Mwaka 1990 hivi Remmy Ongala alitunga wimbo wa Mambo kwa Soksi, uliowahimiza watu kutumia kondomu wajikinge na UKIMWI. Radio Tanzania haikukubali kuupiga. Wimbo huo uliwafikia watu kwa njia ya kumbi na kanda, wakati ugonjwa ulikuwa ukiua na wengi waliona haya kuutaja. Kama kungekuwa na redio peke yake bila ukumbi, onyo hilo lingenyamazishwa.

La pili ni haki ya wazee waliotujengea hazina hii. Tumemtaja Muhidin Maalim Gurumo mara kadhaa kwa makusudi. Alikuwa NUTA Jazz tangu mwaka 1964. Aliimba Mlimani Park na Safari Sound. Akarudi Msondo akakaa hadi alipostaafu mwaka 2013. Alipostaafu, taifa liliambiwa kwamba baada ya miaka hamsini hivi ya kuimba hakuwa na gari hata moja. Mwanamuziki wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, ndiye aliyemzawadia gari mwaka huo. Tendo hilo la kijana kumheshimu mzee lilikuwa jema, na linaonyesha kwamba uzi kati ya vizazi haujakatika. Lakini zawadi si haki. Nyimbo za Gurumo na wenzake zilipigwa redioni kwa miongo mingi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999 tu, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kuzeeka au kufa. Gurumo alifariki tarehe 13 Aprili 2014.

Wajibu Wetu

Sasa tulirudie swali letu. Mkoloni aliudai ukumbi ili amchunge Mwafrika, lakini Mwafrika akautumia kumchagua kiongozi wake. Serikali huru iliudai ukumbi ili kujenga utamaduni. Ikawapa wanamuziki mshahara na heshima, ikawapa pia mkaguzi. Mfanyabiashara ameudai ili apate faida, na panapokosekana faida huufunga. Katika nyakati zote hizo aliyeupa ukumbi uhai hakuwa mwenye ufunguo, bali ni yule aliyelipa kiingilio chake akaingia, akasimama karibu na mtu asiyemjua, wakaimba kiitikio kimoja. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya 5,380,000. Watu wengi kiasi hicho wanahitaji mahali pa kukutana kuliko walivyohitaji wale 69,000 wa mwaka 1948.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa historia na wa Kiswahili wafanye jambo moja lililo katika uwezo wao. Kila mji wetu mkubwa ulikuwa na bendi na ukumbi wake: Tanga, Morogoro, Tabora, Dodoma na mingineyo. Wazee waliocheza humo bado wapo, lakini kila mwaka hupungua. Wanafunzi na wapewe kazi ya kuwaendea wazee hao wakiwa na daftari. Wawaulize ukumbi ulikuwa wapi, uliitwaje, ulikuwa wa nani, kiingilio kilikuwa kiasi gani, wimbo gani uliwainua vitini, na walimkuta nani humo ambaye wasingemkuta mahali pengine. Kisha wakatazame mahali ukumbi huo uliposimama, waandike sasa pana nini. Daftari hizo zikikusanywa na kutunzwa katika maktaba za shule, zitakuwa sehemu ya historia ya taifa ambayo hakuna mtu mwingine atakayetuandikia.